Mwani haufukuzwi kwa dawa, hunyimwa chakula

Wahenga walinena kuwa dawa ya moto ni moto. Katika kidimbwi cha samaki, methali hiyo yaweza kumtia mtu hasara kubwa. Mwenye kidimbwi huona maji yamegeuka kijani kizito, akasikia kuwa dukani kuna unga wa samawati unaomaliza mwani kwa siku moja au mbili, naye akaununua na kuumwaga majini. Kweli mwani hufa. Lakini haupiti muda kabla ya samaki nao kuonekana wakielea matumbo juu alfajiri.

Mpenzi msomaji, Jumapili hii tuzungumzie mwani, yaani ule utelezi, ile pamba au ule ukungu wa kijani unaotanda juu ya maji ya samaki. Huenda ukajiuliza jambo hili lamhusu vipi mtu anayeishi Nairobi, Nakuru au Eldoret katika nyumba ya kupanga isiyo na hata mti mmoja. Lamhusu sana. Vidimbwi vingi vilivyoko mashambani huchimbwa kwa pesa zinazotumwa kutoka mjini. Kijana huajiriwa, akawachimbia wazazi kidimbwi, akanunua vifaranga na chakula, halafu akarudi kazini. Maji yanapoharibika, anayepigiwa simu kuulizwa la kufanya ni yeye.

Isitoshe, siku hizi familia kadha za mjini zina tangi la kioo sebuleni lenye samaki wa mapambo, na mwani huwasumbua vilevile. Sheria zinazotawala tangi hilo ndizo zinazotawala kidimbwi.

Tuchukue mfano wa Matulo, karibu na Webuye katika Kaunti ya Bungoma. Hapo ni nchi ya miwa na mahindi, na ukishika njia kuelekea Kitale mahindi huzidi kutawala. Mvua ni nyingi na ardhi ina rutuba. Mwaka wa 2009 serikali ilipoanzisha mpango wa kufufua uchumi, ilikusudia kuchimba vidimbwi 200 katika kila moja ya maeneo bunge 140, kila kimoja kikiwa na ukubwa wa mita 300 za mraba. Eneo la magharibi ya Kenya lilikuwa miongoni mwa yaliyonufaika. Huko Chwele, katika kaunti hiyo hiyo ya Bungoma, kuna shamba la samaki linalojulikana kwa kuzalisha vifaranga.

Kidimbwi cha mita 300 za mraba kikitiwa samaki watatu kwa kila mita, hao ni ngege 900. Wakifikisha gramu 250 kila mmoja, mwenye kidimbwi ana kilo 225 za samaki majini. Kwa familia nyingi hiyo ndiyo karo ya muhula, nayo yaweza kupotea asubuhi moja kabla jua halijachomoza.

SI KILA KIJANI NI ADUI

Kwanza ni lazima tuwatofautishe rafiki na adui. Mwani ni wa namna nyingi, lakini mwenye kidimbwi anahitaji kuzijua tatu.

Namna ya kwanza ni ile midogo mno isiyoonekana kwa macho, ambayo huyafanya maji yote yawe na rangi ya kijani. Huu ni chakula. Ngege huula, na vidudu vidogo ambavyo ni chakula cha vifaranga pia huula. Kwa hiyo anayetaka maji ya kidimbwi yawe maangavu kama ya kunywa anawanyima samaki wake uji wa bure.

Namna ya pili ni ya nyuzi. Huota chini kwenye tope au kandokando, kisha hupanda juu na kuelea kama pamba iliyoloweshwa rangi. Ngege wa kawaida hauli kwa wingi, nyavu hunasa humo, na vifaranga hukwama.

Namna ya tatu ndiyo ya kuogopwa. Hutanda juu ya maji kama rangi ya nyumba iliyomwagika, kijani chenye usamawati, nayo huwa na harufu mbaya. Baadhi ya aina zake hutoa sumu. Ukiiona, ng'ombe na mbwa wasinywe maji hayo, na watoto wasiyachezee. Hata pale ambapo hakuna sumu, samaki waliokaa humo huwa na ladha ya tope, na mteja aliyemla mmoja harudi kununua wa pili. Samaki wa namna hiyo huhamishiwa katika maji safi kwa siku kadhaa kabla ya kuuzwa, ili ladha hiyo iwatoke.

KWA NINI SAMAKI HUFA ALFAJIRI

Mwani hufanya kazi kama mmea, ingawa hauna mizizi wala maua. Mchana, jua likiwaka, hutengeneza chakula chake na kutoa oksijeni majini. Samaki huipumua na kustawi. Usiku mambo hubadilika. Jua likishatua mwani hautoi oksijeni tena, bali nao huivuta kama tuivutavyo mimi na wewe. Ni kama mgeni ambaye mchana huja na kikapu kilichojaa, lakini usiku huketi mezani na kula pamoja na wenyeji.

Mwani ukiwa wa kadiri, oksijeni iliyowekwa akiba mchana hutosha hadi asubuhi. Ukizidi, akiba huisha kabla ya mapambazuko. Ndiyo maana samaki huonekana wakihema juu ya maji saa kumi na moja au saa kumi na mbili alfajiri, midomo wazi, na jua likipanda wakatulia. Usidhani kuwa wanakusalimu. Wanakosa hewa. Kambare huvumilia zaidi kwa kuwa aweza kuvuta hewa ya juu, lakini ngege hana uwezo huo.

Hatari huwa kubwa zaidi baada ya siku mbili tatu za mawingu mazito, kwa maana hapo hata mchana mwani hautengenezi oksijeni ya kutosha.

Sasa turudi kwenye ule unga wa samawati. Huo ni mrututu, wenye madini ya shaba, ambao wakulima wameutumia tangu zamani dhidi ya ukungu wa mimea. Ni kweli unaua mwani. Lakini mwani unaokufa wote kwa pamoja huoza wote kwa pamoja, na kuoza huko hula oksijeni hata mchana. Maji ambayo jana yalikuwa ya kijani leo hugeuka kahawia au kijivu na kunuka, na samaki hufa kwa kukosa hewa. Aidha, shaba yenyewe ni sumu kwa samaki, hasa katika maji yasiyo na chokaa nyingi. La kusikitisha zaidi ni kwamba mwani uliooza huachilia majini vyote ulivyokuwa umekula. Baada ya majuma machache mwani mpya huota kwa kutumia mbolea hiyo hiyo, na mtu hurudi dukani.

CHAKULA CHATOKA WAPI?

Hapa ndipo penye kiini cha mambo. Mwani hauji kwa bahati mbaya wala kwa mkono wa jirani mwenye kijicho. Huota kwa sababu umepata nitrojeni, fosforasi na jua. Jua hatuwezi kulizuia, lakini nitrojeni na fosforasi huingia kidimbwini kwa milango tunayoijua.

Mlango wa kwanza ni chakula cha samaki. Sehemu kubwa ya nitrojeni na fosforasi iliyomo katika chakula hicho haibaki mwilini mwa samaki. Hutoka na kinyesi au huoza pamoja na mabaki. Turudi kwa wale ngege 900. Wakiwa na gramu 100 kila mmoja, wote ni kilo 90. Wakilishwa asilimia tatu ya uzito wao kwa siku, wanahitaji kilo 2.7, wagawiwe asubuhi na jioni. Lakini iwapo anayelisha hukadiria kwa macho tu, akamwaga kilo tano kwa kuwa samaki wanaonekana wana njaa, kilo 2.3 huzidi kila siku. Kwa mwezi hizo ni kilo 69, yaani zaidi ya mifuko mitatu ya kilo 20 iliyonunuliwa kwa pesa taslimu ili kuulisha mwani!

Dawa yake ni mizani. Kila mwezi vua samaki 30, wapime, tafuta wastani, kisha upige hesabu upya. Na unapolisha, simama utazame. Chakula kikikaa juu ya maji zaidi ya robo saa bila kuliwa, ulitoa kingi mno. Siku za mawingu na baridi punguza, kwani samaki hawali sana.

Mlango wa pili ni samadi. Ni desturi nzuri kutia samadi ili maji yapate kijani cha kadiri. Kipimo ambacho wakulima wa Kenya wamefundishwa ni gramu 50 za samadi, ikipimwa ikiwa kavu, kwa kila mita ya mraba kwa juma. Katika kidimbwi chetu hizo ni kilo 15. Wengine hutia toroli nzima kwa mpigo mmoja, eti samaki wanenepe. Hunenepa mwani. Na iwapo samaki wanalishwa chakula kamili cha dukani, samadi huenda isihitajike hata kidogo.

Mlango wa tatu ndio unaosahauliwa na wengi, hasa huku Bungoma na Trans Nzoia. Msimu wa mvua ndio msimu wa kupanda mahindi, na mahindi hupandwa kwa mbolea ya DAP, halafu hukuziwa kwa CAN. DAP ina fosforasi na nitrojeni, CAN ina nitrojeni. Mvua kubwa ikinyesha, maji hushuka mteremko yakibeba udongo na mbolea hiyo. Kidimbwi kikiwa chini ya shamba au chini ya boma la ng'ombe, hupokea chakula cha mwani bila ya mwenyewe kujua. Ndiyo sababu mtu husema, "Sijaongeza chochote, lakini maji yameharibika."

Mlango huu hufungwa kwa jembe. Chimba mfereji upande wa juu wa kidimbwi uyapitishe maji ya mvua kando. Acha ukanda wa nyasi kati ya shamba na ukingo. Hakuna gharama ila jasho.

KIPIMO CHA MKONO

Mwenye kidimbwi hahitaji mashine ili kujua kama mwani umezidi. Anahitaji mkono wake. Asubuhi jua likishapanda, mtu mzima aingize mkono majini ukiwa umenyooka, kiganja kikiwa kimekunjwa kuelekea juu, na autumbukize polepole akitazama kiganja.

Kiganja kikitoweka maji yanapofika kwenye kiwiko, kijani ni cha kadiri. Endelea kama kawaida.

Kikitoweka maji yakiwa hayajapita kifundo cha mkono au yamepita kidogo tu, mwani umezidi. Acha samadi mara moja, punguza chakula, na utazame samaki alfajiri.

Kikionekana hata maji yanapofika kwapani, mwani mdogo haupo wa kutosha na jua linafika chini kabisa. Hapo ndipo ule wa nyuzi hupata nafasi ya kuota. Samadi kidogo yaweza kufaa.

Lakini kumbuka kuwa maji yenye tope jekundu nayo huficha kiganja. Tazama rangi kabla ya kuhukumu.

LA KUFANYA MAMBO YAKIHARIBIKA

Ukipigiwa simu alfajiri kuwa samaki wanahema juu ya maji, mwambie mzazi wako asitie kitu chochote kidimbwini, si chakula, si samadi, wala si dawa. Afungulie maji safi yaingie kwa kuanguka kutoka juu ili yabebe hewa. Akiweza, atoe maji ya chini, kwani hayo ndiyo yenye oksijeni kidogo zaidi. Kama hakuna maji ya kuingiza, basi hata kuteka maji ya kidimbwi kwa ndoo na kuyamwaga tena kutoka juu, mara nyingi, kwasaidia hadi jua lipande. Baadaye, ikiwa samaki wamefikia ukubwa wa kuuzwa, wavuliwe baadhi. Vinywa vikipungua, hewa itatosha na chakula kinachotiwa kitapungua.

Mwani wa nyuzi huvutwa kwa reki au kwa wavu. Usitolewe wote siku moja ikiwa umetanda kidimbwi kizima; toa sehemu leo, sehemu kesho kutwa. Na ukiutoa usiuache ukingoni, kwani mvua itaurudisha majini pamoja na chakula chake. Upeleke mbali kwenye shimo la mboji, nao utaifaa sukuma wiki. Kila debe unalolitoa ni nitrojeni na fosforasi iliyotoka kidimbwini kweli kweli, na hapa ndipo reki inapoishinda dawa.

Mwani huu hupenda maji ya kina kifupi, ambako jua hufika chini. Hakikisha upande wa kina kifupi haupungui sentimita 60. Na baada ya kuvuna samaki wote, kausha kidimbwi, chota tope la juu, ulipeleke shambani. Fosforasi haipai hewani, hukaa topeni ikingojea msimu ujao.

Jambo moja zaidi. Maji ya kijani yasifunguliwe yaende mtoni. Mito ya sehemu hizi huishia katika Mto Nzoia, na Nzoia humimina maji yake katika Ziwa Victoria. Wakazi wa Kisumu wanaijua vyema hali ya ghuba ya Winam, ambayo mara kwa mara hufunikwa na mwani kwa sababu ya maji machafu ya miji na mbolea za mashambani. Maji ya kidimbwi yakinyunyiziwa mboga, mwenyewe hufaidika mara mbili.

TANGI LA SEBULENI

Na wewe mwenye tangi la kioo mjini, milango yako ni hiyo hiyo. Ukiona kioo kimevaa kijani, tazama kwanza liliko tangi. Likiwa dirishani, lisogeze. Taa iwake kwa saa nane hivi kwa siku, isikeshe kama ya baa. Lisha chakula kitakachomalizwa kwa dakika mbili, na wakubaliane nyumbani ni nani analisha. Katika nyumba nyingi mtoto hulisha, baba hulisha, na mgeni naye hulisha! Kila juma toa robo ya maji uweke mapya. Maji ya mfereji yana klorini, kwa hiyo yaache usiku kucha katika beseni wazi au uyatie dawa ya kuiondoa. Mwani wa kioo ukwangue kabla hujabadilisha maji, ili utoke nayo.

Wachache huthubutu kuweka tangi la maji ya chumvi lenye matumbawe. Hilo ni gumu zaidi, na huku nyanda za juu kama Kitale huhitaji kifaa cha kupasha maji joto, kwani matumbawe hutaka nyuzi 25 hivi usiku na mchana. Chumvi yake maalum huchanganywa gramu 35 kwa lita moja ya maji. Maji yakipungua kwa kukauka, hujaziwa maji matamu na si ya chumvi, maana chumvi haikauki pamoja nayo. Maji hayo yawe yaliyochujwa vizuri, yasiyo na fosforasi. Tena tangi dogo haliwasamehi wenye haraka. Tembe chache za chakula zilizozidi huonekana kwenye mawe kabla ya juma kwisha.

Katika tangi hilo kuna somo ambalo bahari yenyewe imelifundisha. Mwaka wa 1998 joto la bahari lililoandamana na El Nino liliua matumbawe mengi ya pwani ya Kenya, na mwani ukavamia mawe yaliyobaki. Samaki kama pono na kangaja hula mwani mchana kutwa, na wakivuliwa kupita kiasi, matumbawe machanga hukosa mahali pa kushika. Ndiyo sababu wenye matangi huweka konokono wala mwani. Lakini hata konokono hawawezi kuumaliza mwani unaopewa karamu kila siku.

Wanafunzi mtakaokwenda mashambani likizo hii, nawapa kazi. Mkifika, mwombeni mzee ruhusa, na mmoja wenu aliye mtu mzima apime kidimbwi kwa mkono. Andikeni tarehe na mahali kiganja kilipotowekea, mrudie kila juma, na muandike pia mvua iliponyesha na kiasi cha chakula kilichotolewa. Kabla ya shule kufunguliwa mtakuwa mmejua mwani wa hapo kwenu huingia kwa mlango upi. Kisha mwachieni mama daftari hilo pamoja na mizani. Vitamfaa kuliko mrututu.